Niliwapelekea Wakwe Somo la Kuhasi Beberu kwa Jina la Mama

Ni mimi. Wale wa Kamembe ambao hamkuwepo na mnajiuliza hadi leo ni nani aliyemtia marehemu mama yangu maneno ya kuhasi mbuzi mdomoni, acheni kutafuta. Ni mimi mwanawe wa kwanza, niliyenyonya kwake miaka miwili kamili. Sikulewa, sikulogwa, wala hakuna aliyenishika mkono.

Jina langu silitaji. Wanaonifahamu wameshanijua, na wasionifahamu waniache hivyo hivyo, maana nimechoka kuchekwa hata na madereva wa pikipiki.

Kazi yangu ni kuchoma CD nyumbani, yaani kuzitia nyimbo kwa kompyuta. Najua mnacheka. Nani anasikiliza CD siku hizi na kila mtu ana simu? Njooni kwetu muone. Kuna wazee wenye magari ya zamani ambayo redio zake hazina hata tundu la kuchomeka flashi. Kuna akina mama wanaovuka mpaka kutoka Bukavu, upande wa Kongo, na redio za CD wanazozitunza kuliko mabwana zao. Kuna vinyozi, kuna wauza chai. Wote hao wakitaka nyimbo zao wanakuja sebuleni kwangu, penye kompyuta niliyoifunika kitambaa cha kudarizi.

Tena sikuwa mchomaji tu. Nilikuwa bingwa wa kuchagua CD tupu. Watu walinifuata sokoni niwakagulie kabla hawajalipa, na mimi nilikuwa nikiwahutubia mpaka muuzaji anatamani kufunga kibanda.

Nilikuwa na masharti. Geuza CD upande unaong'aa, ielekeze kwenye jua, usiitazame kwenye taa maana taa inadanganya. Rangi iwe moja kutoka tundu la kati mpaka ukingoni. Pitisha ukucha pembeni, kama tabaka linabanduka, irudishe. Ukiona pete, yaani mviringo wenye rangi tofauti kidogo kuzunguka lile tundu, irudishe na umsalimie muuzaji kwa jicho baya, maana hiyo si tupu, imeshaandikwa kitu. Ukichoma, choma polepole. Na ukimaliza, ijaribu kwenye redio ya mtu atakayeitumia, si kwenye kompyuta yako.

Kuna mama mmoja nilimkatalia CD zake hamsini mbele ya watu kwa sababu ya pete. Alinuna mwezi mzima. Nilijiona mtu wa maana sana siku ile.

Masharti yote hayo niliyavunja mwenyewe, tena kwenye CD zilizokuwa na thamani kuliko zote nilizowahi kushika.

Nina mdogo wangu mmoja wa kike, Mwamini. Baba alitangulia zamani, tukabaki na Mama, na Mama naye akafariki miaka minne iliyopita. Mama ndiye aliyekuwa akiwaongoza wanawake wa mtaa kuimba kwenye harusi. Matari yakilia na sauti yake ikapanda, bibi arusi aliyekuwa analia ananyamaza. Mwamini alikua akijua kwamba siku yake ikifika, sauti ile itakuwa ya kwake.

Siku ilipofika, Mama hayupo. Mwamini alipata mchumba, Radjabu, kijana mpole wa Bugarama, ambaye baba yake, Mzee Selemani, ana mashine ya kukoboa mpunga. Mchana mmoja Mwamini akaja sebuleni kwangu na kaseti aliyoipata kwa jirani. Ndani yake kulikuwa na harusi ya zamani, na Mama anaimba.

"Yaya," akaniambia. Ndivyo anavyoniita kwa kuwa mimi ni mkubwa wake. "Mama hatakuwa ku ndoa yangu. Lakini sauti yake iko humu ndani. Mi nataka itangulie kwa bakwe, miye nifuate nyuma yake."

Hakuomba kitu kingine. Hakuomba kabati, hakuomba masufuria. Aliomba Mama amtangulie.

Siku mbili nzima nilihamisha ile kaseti kwenye kompyuta. Nilisafisha mikwaruzo, nikapunguza kelele za watoto. Mama aliponiingia masikioni nililia mpaka nikapiga chafya. Tukakubaliana CD ishirini, moja kwa kila mzee wa upande wa mume, zikabidhiwe siku ya kuposa.

Nikavuka Bukavu kwa muuzaji wangu. Akaniambia nzuri zimekwisha, nirudi Alhamisi. Alhamisi mvua ikanyesha, na mimi ni mtu wa kuogopa matope kuliko dhambi. Sikuvuka. Nilishuka tu mpaka karibu na kituo cha basi, nikamkuta bwana mmoja aliyekuwa mlinzi kwenye ofisi ya mradi fulani wa mifugo uliofungwa. Alikuwa anauza mabaki ya ofisi: viti viwili, mafaili, na boksi la CD.

"Ni mpya?" nikamuuliza.

"Mupya kabisa, papa. Hakuna muntu alizigusa."

Boksi lilikuwa wazi. Nikatoa moja, nikaielekeza juu, na kajua kalikuwa kametoka kidogo baada ya mvua. Pete ilikuwepo. Upana wa ukucha wa kidole gumba, kuzunguka tundu. Nikatoa ya pili, pete. Ya tatu, pete. Natamani niwaambie sikuiona, lakini niliiona kama ninavyoyaona maandishi haya. Nikajisemea labda kiwanda siku hizi kinatengeneza hivyo.

Mimi! Niliyemnunisha mama wa watu mwezi mzima!

Hata kompyuta ilinionya. Iliandika kwamba nafasi kwenye CD ni pungufu. Nikaona bado nyimbo za Mama zinaenea, nikaendelea. Nilichoma zote ishirini, pamoja na moja zaidi ya kubaki kwangu. Kila nilipomaliza nikairudisha kwenye kompyuta ileile, na Mama akaimba. Hakuna hata moja niliyoipeleka kwenye redio ya mtu.

Sasa niwaeleze kilichokuwa mle ndani, mambo niliyokuja kuyaelewa wakati maji yameshamwagika. Wale watu wa mradi walikuwa wameandika somo moja la ufugaji mwanzoni mwa kila CD, wakaacha sehemu iliyobaki wazi ili waongeze masomo mengine. Kompyuta yangu ilikuwa inafungua kilichoandikwa mwisho, yaani Mama. Redio ya gari hufungua kilichoandikwa kwanza na kuishia hapo hapo. Kwa hiyo Mama alikuwepo, lakini mbele yake alikuwa amesimama bwana mifugo.

Mwamini mwenye mwandiko wake mzuri akachukua kalamu ya wino mzito, akaandika juu ya kila CD: Ujumbe wa Mama. Nikamwambia imependeza.

Hapa ni lazima niwaambie desturi, la sivyo mtasema watu wa Bugarama ni wajinga, na wala si wajinga. Kwetu siku ya kuposa hakuna anayesema jambo kama lilivyo. Wageni hawaji kutafuta mke, wanakuja kumtafuta ndama wao aliyepotea. Wenyeji wanajibu kwamba ndama hawajamwona, ila juzi walisikia kengele. Inaendelea hivyo mpaka watu wanasikia njaa. Na anayeuliza "una maana gani?" ameshatangaza kwamba kwao hakuna wazee. Basi haulizi mtu. Asiyeelewa anatikisa kichwa taratibu na kukohoa.

Wengine huweka mwanamume awasemee. Sisi tuna Shangazi Halima, dada yake Baba, na sijamwona mwanamume aliyelalamikia jambo hilo mara mbili. Jumapili ya kuposa alisimama, akazishika zile CD kama anashika mtoto mchanga, akamgeukia Mzee Selemani.

"Bakwe betu," akasema, "huyu mutoto iko na mama. Mama yake amelala, lakini aliacha neno. Mulisikilize polepole. Hakuna neno hata moja mule lilisemwa bure."

Mzee Selemani akapokea kwa mikono miwili. Wakaingia kwenye gari lao la zamani, wakaitia CD redioni kabla hawajatoka hata Kamembe.

Lile somo sasa nalijua kwa moyo. Ni sauti ya mwanamume mtulivu, mwenye mafua kidogo. "Ndugu mfugaji, karibu. Leo tunajifunza namna ya kumhasi beberu. Watu wawili wenye nguvu wamshike miguu ya nyuma. Mtu wa tatu azungumze naye kwa upole. Usimwonee huruma, ni kwa faida yake mwenyewe. Akishahasiwa atanenepa, ataacha kuruka nyua za watu, na ile harufu yake itapungua."

Fikirieni mnatoka kumposea kijana wenu, kijana mwenyewe amekaa kiti cha nyuma, na huo ndio ujumbe wa mama mkwe aliyekufa.

Hakuna aliyeuliza. Sauti ya mwanamume haikuwashangaza, walisema mwanamke mwenye heshima zake hawezi kutamka mambo kama yale kwa mdomo wake, lazima amtume mtu. Somo lilikuwa la dakika kumi na mbili. Likiisha linaanza tena. Walilisikiliza mara tano mpaka Bugarama, wanatikisa vichwa na kukohoa.

Siku nne zikapita kimya. Alhamisi Radjabu akanipigia. Yeye huniita bofrere, yaani shemeji.

"Bofrere, habari?"

"Nzuri, shemeji."

"Bon. Mi nataka kukuuliza kitu, usikasirike. Maman yenu alikuwaka ananijua?"

"Apana. Alikufa mbele ya we kufika kwetu."

"Sasa juu ya nini anasema vile?"

"Anasema nini?"

Nikasikia mlango unafungwa. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Anasema bantu babili ba nguvu bashike miguu ya nyuma."

"Ya nani?"

"Mi njo nakuuliza, bofrere. Ya nani?"

Nikamwambia nitampigia. Nikaichukua ile CD iliyobaki, nikakimbia mpaka kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara, ambaye redio yake ni ya CD. Alikuwa na mteja aliyenyolewa nusu ya kichwa. Nikaweka. Nikasubiri matari ya Mama, na akatoka bwana mwenye mafua.

Kinyozi akazima mashine yake. "Hii ni redio gani?"

Nikanyoosha mkono niitoe. Mteja akanishika kiwiko na kitambaa chake shingoni. "Iache imalize, niko na beberu moja ananisumbua sana."

Nikasimama pale nikasikiliza somo zima, kwa sababu mteja alikuwa mtu mzima na alinishika kwelikweli. Jasho lilinitoka hadi kwenye vifundo vya miguu.

Sasa sikilizeni kosa lenyewe, maana mpaka hapo nilikuwa mzembe tu, na mzembe anasameheka.

Nilimpigia Radjabu nikiwa nimeshapanga maneno. Nitamwambia: shemeji, nilinunua CD mbovu, nisamehe, ninazileta nyingine. Ni maneno machache sana. Mtoto wa shule ya msingi anayaweza. Lakini kabla sijafungua mdomo, akanitangulia.

"Bofrere, usiseme kitu. Bazee beko banasema ile ni fumbo nzito sana. Papa anasema tangu azaliwe hajaona bakwe ba akili sawa nyinyi."

Nikaona njia ya kutokea. Nikaiona heshima yangu yote ya sokoni, bingwa wa CD, aliyeuziwa masomo ya mbuzi na kuyapeleka ukweni. Nikaona nitakavyochekwa.

"Ndiyo," nikasema. "Ni fumbo la Mama."

"Njo vile. Basi usinifasirie. Bazee batajibu."

Akakata simu. Nikamwacha Mama yangu, ambaye hajawahi kumtusi hata kuku, akibeba maneno yale kaburini kwake. Nilijua ninachofanya na nilikwenda kula wali baada ya hapo.

Wazee wa Bugarama walikaa mchana wa siku tatu penye mashine ya mpunga kutafuta maana. Radjabu mwenyewe alinisimulia baadaye. Wengine walisema beberu ni hasira, kwamba kijana apunguze hasira. Wengine wakasema ni macho ya kuzurura, ndiyo maana zimetajwa nyua za watu. Lile la harufu liligawa kikao kabisa. Radjabu akaanza kuoga mara tatu kwa siku, na wafanyakazi wa mashine wakaanza kumpisha njia kwa huruma. Kulikuwa na mjomba wake mmoja aliyesema yeye anaona ni mbuzi tu. Wakamtoa nje ya kikao kwa kukosa busara.

Jumapili ya wiki iliyofuata wakaja na jibu.

Walishuka watu saba, Radjabu na yule mjomba wakiwamo, na mbuzi mmoja. Beberu mkubwa, mweupe, ameogeshwa kwa sabuni na kuvishwa utepe wa kijani shingoni. Ameshahasiwa. Wakamsimamisha katikati ya sebule yetu, kwenye mkeka.

Mzee Selemani akasimama. "Neno la marehemu tulilisikia. Hatukulidharau. Huyu hapa."

Jamani, Shangazi Halima hakuwa na redio. Yeye alijua zile CD ni nyimbo za matari. Hakuelewa mbuzi anatafuta nini kwenye mkeka wake, na kuuliza hawezi, yeye ndiye msemaji. Akamtazama mbuzi kwa muda mrefu. Akamtazama Mzee Selemani.

"Tumemuona," akasema. "Na yeye ametuona."

Wazee wa Bugarama wakatazamana na kutikisa vichwa. Mmoja alitoa leso akajifuta jicho. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango, nimeshika sinia la sambusa, na nilitamani sambusa zile zinifunike.

Ingeishia pale ningenyamaza mpaka leo, siwadanganyi. Ila Mzee Selemani hakukaa. Sauti yake ikabadilika.

"Sasa kuna neno moja limenikwama hapa," akasema akigusa koo. "Mwisho kabisa, marehemu anasema kama kisha wiki mbili kidonda hakijapona, achinjwe kabla hajakonda. Bakwe, Radjabu ni mutoto wangu wa pekee. Ile ingine yote nilimeza. Hii siwezi. Muifute ile neno, ndoa iendelee. Bila vile, sisi tunarudi na mbuzi yetu, na mutoto wenu abaki."

Shangazi Halima hakujua ni neno gani. Alichosikia ni kwamba watu wanataka kumrekebisha marehemu, tena ndani ya nyumba yake. Akajinyoosha.

"Neno la muntu amekufa," akasema, "hakuna muntu wa hapa duniani anaweza kulifuta."

Na kwetu ni kweli. Mzee Selemani analijua hilo, sote tunalijua. Akainamisha kichwa, akaanza kuikunja kofia yake. Wazee wakaanza kutafuta viatu. Posa ya mdogo wangu ilikuwa inatoka mlangoni mbele ya macho yangu, na mtu pekee aliyeweza kuisimamisha alikuwa ameshika sinia. Nilinyamaza. Nawaambia ukweli, hata pale nilinyamaza.

Aliyeizuia ni Mwamini. Akatoka chumbani, jambo ambalo mchumba halifanyi siku kama ile.

"Neno gani?" akasema. "Mama anaimba tu mule. Hakuna neno. Papa, naomba tusikilize pamoja."

Tukatoka wote mpaka kwenye gari. Mzee Selemani akafungua mlango, akawasha redio. Ndugu mfugaji, karibu.

Mwamini alikuwa ameshika mlango wa gari. Hakushtuka. Nilimwona anavyosubiri. Alidhani bwana yule ni mtangazaji tu, atamaliza maneno yake na kumpisha Mama. Alisubiri miguu ya nyuma, akasubiri harufu, akasubiri kidonda. Somo likaisha. Akainamisha sikio karibu zaidi na redio. Likaanza tena: ndugu mfugaji, karibu.

Akanigeukia. "Yaya?"

Nikasema yote. Nilisema mvua, boksi, pete, kompyuta. Nilisema Radjabu alinipa nafasi ya kusema ukweli nami nikamjibu kwamba ni fumbo. Nilisema mbele ya watu saba, Shangazi, majirani walioshasogea, na yule mbuzi.

Halafu yule mjomba aliyefukuzwa kikaoni akasema polepole, "Mi nilisema ni mbuzi."

Ndipo watu wakapasuka. Mzee Selemani alicheka akashika boneti la gari. Radjabu alikaa chini kabisa, barabarani, na nguo zake nyeupe. Shangazi Halima alicheka mpaka mtandio ukamdondoka, kisha akanipiga nao. Radjabu akanikumbatia, akasema amepata bofrere wa kumfurahisha mpaka uzeeni. Posa ikapona. Na mimi nikacheka nao, nikasema Alhamdulillahi, yamekwisha.

Mwamini peke yake hakucheka. Alirudi ndani.

Nikaamua kulipa kosa langu. Alhamisi nilivuka Bukavu na mvua ilikuwa inanyesha vilevile. Nilinunua CD zilizofungwa, nikazikagua moja moja juani siku ya pili, rangi safi, ukingo safi. Nilichoma polepole kuliko nilivyowahi kuchoma maishani. Nikapanda gari mpaka Bugarama nikazijaribu kwenye redio ya Mzee Selemani mwenyewe. Mama akatoka wazi kabisa, na pumzi yake unaisikia. Nilidhani nimemaliza.

Siku ya harusi Mwamini alipelekwa kwa mumewe, Bugarama. Uani kulijaa watu, spika kubwa mbili, na mimi ndiye niliyekuwa kwenye redio. Alipofika langoni na shela lake, nikabonyeza.

Matari yakalia. Mama akapandisha sauti.

Na ua mzima ukaangua kicheko.

Hawakuwa na ubaya, nawaapia. Kila mtu pale alikuwa ameshaisikia hadithi. Walipoambiwa hii ndiyo CD ya mama mkwe, hawakuweza kujizuia. Mmoja akapiga kelele kwamba washike miguu ya nyuma. Wanawake walikuwa wanajishika mbavu, wazee wanapigana mabega. Mama anaimba na hakuna anayemsikia. Niliongeza sauti, nao wakacheka zaidi, maana waliona namtafutia bwana mifugo nafasi.

Nikamtazama Mwamini. Alikuwa amesimama langoni, hajavuka. Alikuwa anajaribu kusikia. Kisha akanitazama, na hata bila sauti nilielewa midomo yake inasema nini. Zima.

Nikazima. Mdogo wangu akaingia nyumba ya mumewe bila wimbo wowote, watu bado wanafuta machozi ya kicheko.

Nimekwenda kumwomba radhi mara tatu. Mara ya tatu alinipa chai, akakaa mbele yangu. "Nilikusamehe zamani, Yaya," akasema. "Lakini ile CD usiniletee tena. Nikiiweka, Radjabu anajikaza asicheke, anajikaza sana, mi namuona. Hata mi siku moja nilicheka."

Aliposema hivyo aligeuza uso.

Wenzangu mnaochomea watu CD, mnaotengeneza chochote kwa ajili ya mtu, jaribuni kazi yenu kwenye mashine ya mwenyewe kabla haijatoka mikononi mwenu, na mkiona dalili msijifanye hamkuiona. Lakini hilo ni dogo. Mkikosea, semeni siku ileile, kosa likiwa bado ni la kwenu. Mtachekwa wiki moja na mtapona. Mimi nilingoja siku kumi, na wanayemcheka mpaka leo ni Mama.